Mwanya wa Kanuni na Uungwana wa Mchezaji

Likizo ya Disemba iliyopita nilikaa siku kadhaa kwa dada yangu hapa Mombasa. Kila baada ya sala ya Isha vijana watano walikuwa wakikusanyika ukumbini, mpwa wangu akiwa miongoni mwao, wakitandika mkeka na kumwaga dadu za namna ambazo mimi katika umri wangu sikupata kuziona: moja ya pande nne, nyingine ya pande nane, na kubwa yao ya pande ishirini. Mmoja akisimulia, wanne wakimsikiliza na kumjibu. Mwanzo nilidhani ni kamari, nikavuta kiti karibu nione kama pesa zinapita. Hazikupita. Yaliyopita ni maneno tu, na usiku wa tatu maneno hayo yakageuka ugomvi hata mmoja wao akavaa viatu akaenda zake bila ya kuaga.

Ugomvi ule haukuwa wa pesa wala wa matusi. Ulikuwa wa kanuni: kwamba kitabu kimesema hivi, na maadamu kimesema hivi, basi hapana wa kuzuia. Baadaye, nilipouliza na kusoma, niligundua kuwa ugomvi huo huo umewashughulisha wachezaji wa Marekani na Ulaya kwa miaka 50, umewafanya wachapishaji waandike vitabu vyao upya mara kadhaa, na mwaka 2023 ukaitia aibu kampuni nzima mbele ya wateja wake. Kwa hivyo, ndugu msomaji, usilidharau jambo hili kwa kuwa limeanzia kwa watoto juu ya mkeka.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo huitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 na kampuni ndogo ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku. Namna ya kuucheza ni hivi. Mmoja huwa msimulizi: yeye ndiye anayeeleza mji, pango, adui na mvua. Waliobaki kila mmoja huwa mtu mmoja wa hekaya hiyo, huyu askari, huyu mwizi, na yule mchawi wa vitabuni. Mchezaji husema anataka kufanya nini, na pale isipojulikana kama atafaulu au hatafaulu, dadu hutupwa. Kanuni ndizo zinazosema ni dadu ipi, ni hesabu gani ifikiwe, na akishindwa limpate lipi.

Najua wapo watakaouliza habari za mashetani waliomo. Hata huko Marekani, katika miaka ya 1980, walitokea wazazi waliouona mchezo huu kuwa ni mlango wa Ibilisi, na toleo la pili la mwaka 1989 likaondoa majina ya mashetani likatia majina ya kubuni. Mimi nilivyouona ni kama hekaya za Alfu Lela Ulela, ila zinasimuliwa na watu watano kwa pamoja na hapana hata mmoja ajuaye mwisho wake. Hilo kila mzazi atalipima mwenyewe. Langu leo ni jingine.

Sisi tuliokulia barazani twajua kuwa bao lina kete 64 na mashimo 32, na hata awe bingwa wa namna gani, mchezaji hawezi kusema kuwa kete yake imeota mbawa. Ubao wenyewe unamzuia. Lakini katika mchezo huu wa hekaya mtu anaruhusiwa kujaribu lolote analoweza kulifikiri. Fikira hazina ukuta, na kitabu kina kurasa za kuhesabika. Baina ya hivyo viwili ndipo mianya inapozaliwa.

MKUKI WA WAKULIMA ELFU MBILI

Usiku ule wa ugomvi, vijana walikuwa wamefika chini ya mlima ambao joka kubwa limefanya makao. Walikuwa wameuendea mlima huo kwa wiki nyingi. Mpwa wangu, aliyekuwa mchawi wa vitabuni, akatoa karatasi zake akaanza kupiga hesabu. Kanuni zao zasema kibarua asiye na ufundi hulipwa vipande viwili vya fedha kwa siku, na vipande kumi vya fedha ni kipande kimoja cha dhahabu. Kwa hivyo kwa dhahabu 400 utawakodi wakulima 2,000 kwa siku moja. Wapange mstari, kila mmoja na futi zake tano. Mpe wa kwanza mkuki.

Sasa sikiliza ujanja. Kanuni zasema duru moja ya mapigano ni sekunde sita, na kila mtu hupata zamu yake ndani ya sekunde hizo hizo. Tena zasema mtu anaweza kujiweka tayari: "Jirani yangu akinipa mkuki, nami nampa wa pili." Basi wakulima wote 2,000 wakijiweka tayari, mkuki utapita mikono yote ndani ya sekunde sita. Mstari una futi 10,000, karibu maili mbili. Mkuki, kwa hesabu hiyo, unakwenda kasi kuliko sauti, na ukimfikia joka, alisema mpwa wangu, utampasua kama risasi ya mzinga.

Hila hii hakuitunga yeye. Wachezaji wa Marekani wanaijua kwa miaka mingi, na wameipachika jina la bunduki ya wakulima. Wengi huitaja kwa kucheka tu. Lakini mpwa wangu hakuwa akicheka.

Nikaiangalia hesabu yake kwa makini, kwani mimi nami nilipenda hesabu nilipokuwa skuli. Sehemu ya kwanza nikaiona sawa: kwa herufi ya kitabu, mkuki unafika. Je, ukifika? Nikamwambia anionyeshe mahali ambapo kitabu kinasema kuwa kasi ya mkuki huongeza maumivu. Hapakuwa na mahali hapo. Kitabu chasema mkuki ukirushwa, maumivu yake ni dadu moja ya pande sita, basi, sawa na mkuki wowote uliorushwa na mkulima yeyote. Joka hata asingejikuna.

Hapo ndipo palipo na siri ya hila nyingi. Kijana alishika kitabu pale kitabu kilipompa, na kilipokoma kumpa akakitupa akashika somo la fizikia. Na lau angelishika fizikia tangu mwanzo, hapana mkono wa binadamu unaoweza kupokea mkuki na kuutoa kwa sekunde moja iliyogawanywa mara mia tatu na zaidi. Mfano wake ni mfanyabiashara mwenye vipimo viwili dukani, kirefu cha kununulia na kifupi cha kuuzia. Kila kipimo peke yake kinaweza kuwa cha kweli. Udanganyifu umo katika kubadilisha.

Lakini haikuwa hoja yangu iliyouvunja mchezo. Alikuwapo kijana mmoja mkimya, aliyecheza askari tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyekuwa akitarajiwa kusimama mbele ya joka lile. Akauliza kwa sauti ya chini: "Basi mimi nimekuja kufanya nini?" Mpwa wangu akamjibu kuwa kitabu ndicho kilichosema. Huyo ndiye aliyevaa viatu.

MIANYA YA KUCHEKESHA NA MIANYA YA KUUMIZA

Si kila mwanya ni dhambi. Nimekutana na mingine iliyonifanya nicheke peke yangu. Katika toleo la tatu, lililotoka mwaka 2000 na kusahihishwa 2003, ngazi ya futi kumi iliuzwa senti tano za shaba, na mti mmoja wa futi kumi ukauzwa vipande viwili vya fedha, yaani senti 20. Ngazi ni nini kama si miti miwili na vijiti vya kukanyagia? Hata kama mchuuzi atanunua kwako kwa nusu ya bei, kama ilivyokuwa desturi ya kanuni zile, ukinunua ngazi kwa senti tano na kuing'oa vijiti, utauza miti miwili kwa senti 20. Faida ya senti 15 kwa kila ngazi, na hapana aliyetaja soko litajaa lini. Toleo la tano la 2014 likaweka ngazi kwa kipande kimoja cha fedha, na mti kwa senti tano. Sasa miti miwili ni bei ya ngazi moja barabara.

Katika kanuni hizo hizo za mwaka 2003 kulikuwa na kifungu juu ya kuzama majini. Kilisema mtu anayezama nguvu zake hushuka hadi sifuri. Mwandishi alimfikiria mtu mzima anayezama. Hakumfikiria majeruhi ambaye nguvu zake zimekwisha kupita sifuri, ziko chini ya sifuri kwa nane, yu karibu kukata roho. Kwa herufi ya kifungu, ukimzamisha majeruhi huyo kichwa katika ndoo ya maji, nguvu zake zinapanda hadi sifuri. Sisi watu wa bahari twajua maji hufanya nini kwa mtu mahututi.

Halafu ipo mianya isiyochekesha. Katika toleo hilo la 2000, askari aliyejifunza mbinu fulani mbili angeweza kupiga pigo la ziada kila alipomwangusha adui, na kuwapiga wote waliomzunguka kwa duru moja. Wajanja wakawaza: na abebe gunia la panya. Akikutana na jitu, amwage panya miguuni, awaue mmoja mmoja, na kwa kila panya apate pigo la bure juu ya jitu. Marekebisho ya 2003 yaliuziba mwanya huo kwa kuzikataza mbinu mbili hizo kuungana.

Na kubwa kuliko yote ni habari ya kiumbe mdogo wa jamii ya koboldi, dhaifu wa madhaifu, ambaye wapenda hesabu walimpa jina la Pun-Pun. Katika kitabu kimoja cha nyongeza cha mwaka 2004 palikuwa na nguvu ya kubadilisha maumbile, iliyoandikwa kwa ajili ya viumbe wa kale wa jamii ya nyoka. Waliounganisha nguvu hiyo na vifungu kutoka vitabu vingine wakaona kuwa koboldi yule anaweza kujiongezea uwezo bila ya kikomo, akawa mkubwa kuliko kila kilichomo vitabuni. Waliomtunga hawakukusudia kumleta mchezoni. Walikuwa kama mafundi wanaojaza maji jahazi lililo nchi kavu ili waone linapovuja.

Watu hao nawaheshimu. Kutafuta mwanya ili uonekane ni kazi ya fundi. Kuungojea kimya mpaka siku ya mchezo, kisha ukautumia juu ya wenzio, hiyo ni kazi nyingine. Kila aliyekwenda chuoni anakijua kisa cha watu wa kando ya bahari waliokatazwa kuvua Jumamosi, wakatega nyavu zao Ijumaa na kuzivuta Jumapili. Hawakuvunja herufi. Walichokivunja kilikuwa kikubwa kuliko herufi.

MIZANI NI NINI?

Wachezaji wa mchezo huu wana neno wanalolitaja sana, nalo ni mizani. Wana maana ya kuwa nguvu za wahusika zisipishane mno. Nimeona kuwa watu wengi hulifasiri kuwa ni usawa, kila mtu apate kama mwenziwe, na historia ya mchezo wenyewe yaonyesha kuwa fasiri hiyo haitoshi.

Katika vitabu vya Gygax vya mwaka 1978 mchawi wa vitabuni alianza akiwa hohehahe. Uhai wake ulipimwa kwa dadu ya pande nne, na alijua uganga mmoja tu kwa siku. Paka angeweza kumshinda. Lakini akivumilia akaishi, mwishowe huwa mtu wa kutisha, na askari aliyemlinda siku zote hubaki na upanga wake ule ule. Mizani ya Gygax ilikuwa ya muda: wewe taabika sasa, utastarehe kesho. Ubaya wake ni kuwa wapo waliokufa kabla ya kesho, na wapo askari waliofika kesho wakajikuta wamekuwa wabeba mizigo wa mchawi.

Toleo la tatu lilimpunguzia mchawi taabu za mwanzo, lakini utukufu wa mwisho halikuupunguza. Malalamiko yakazidi. Basi toleo la nne, la mwaka 2008, likaja na dawa kali: kila mhusika, awe askari au mchawi, akapewa nguvu zake kwa mpango mmoja, nyingine za kutumia wakati wowote, nyingine mara moja kwa kila pambano, nyingine mara moja kwa siku. Mizani ikatengenea kuliko wakati wowote. Na wachezaji wengi wakalia kuwa wahusika wote wamekuwa na ladha moja, kama pilau na biriani zilizotiwa viungo sawasawa. Mwaka 2009 kampuni nyingine, Paizo, ikatoa mchezo wa Pathfinder uliojengwa juu ya kanuni za toleo la tatu, na waliokuwa hawakuridhika wakahamia huko makundi kwa makundi, pamoja na dosari zake zote.

Kwa maoni yangu somo lake ni hili. Yule kijana mkimya hakuondoka kwa sababu mpwa wangu ana nguvu kumpita. Alilijua hilo kwa miezi na hakulalamika. Aliondoka kwa sababu zamu yake ilifutwa. Mizani ya kweli si kila mtu awe na uzito mmoja, bali kila mtu awe na saa ambayo asipokuwapo, hekaya haiendi mbele. Mwanya unaochekesha haumnyang'anyi mtu saa yake. Mwanya unaoumiza ndio unaomnyang'anya.

KAMPUNI NAYO YATAFUTA MWANYA

Mwaka 1997 kampuni ya asili ilinunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast, na mwaka 1999 hiyo nayo ikanunuliwa na Hasbro, watengenezaji wakubwa wa vitu vya kuchezea. Jina la Wizards of the Coast ukilifasiri ni Wachawi wa Pwani. Wasomaji wa huku kwetu wasinune. Kampuni yenyewe ni ya Marekani, upande wa Bahari ya Pasifiki.

Mwaka 2000 wachawi hao walifanya jambo la ukarimu na la akili. Walitoa leseni ya wazi, kwamba mtu yeyote anaweza kuzitumia kanuni za msingi, akaandika vitabu vyake na kuviuza bila ya kulipa ada, mradi afuate masharti machache. Watu wakaacha kazi zao wakawa waandishi wa mchezo huu. Pathfinder wenyewe ulitoka mlangoni humo. Na kampuni ilieleza hadharani siku hizo kwamba hata ikibadilisha leseni, mtu ataweza kuendelea na ile ya zamani. Nasi twasema ahadi ni deni.

Januari 2023 waandishi wa habari wakaipata nakala ya leseni mpya kabla ya kutangazwa. Ilitaka asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka, na ilisema leseni ya zamani haina idhini tena. Kampuni ilipata wapi uwezo wa kusema hivyo? Katika neno moja. Leseni ya mwaka 2000 ilimruhusu mtu kutumia toleo lolote la leseni lililoidhinishwa. Kwa miaka 22 kila mtu alielewa kuwa maana yake ni toleo ambalo kampuni imelitoa kwa kweli. Sasa ikaonekana kuwa aliyeidhinisha anaweza pia kuiondoa idhini.

Tazama, msomaji, jinsi lilivyofanana na lile la mkuki. Herufi ikashikwa pale inapofaa, na maana ambayo watu wote waliijenga juu yake, ikiwa ni pamoja na maelezo ya kampuni yenyewe, ikatupwa. Wale wale waliokuwa wakiandika marekebisho ya kuwazuia wachezaji na magunia ya panya, nao walikuwa na gunia lao. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Hoja yao haikufika mahakamani. Ilihukumiwa na wachezaji. Wakavunja michango yao ya kila mwezi, wakaandika, wakahama. Tarehe 12 Januari Paizo wakatangaza kuwa wanatayarisha leseni nyingine ambayo haitamilikiwa na kampuni yoyote ya michezo. Wachawi wa Pwani wakaomba maoni, wakajibiwa na watu zaidi ya 15,000, na asilimia 89 kati yao hawakuridhika na kuondolewa idhini ile. Tarehe 27 Januari kampuni ikasalimu amri: leseni ya zamani ikaachwa kama ilivyo, na kanuni za msingi zikatolewa kwa umma chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kurudishwa nyuma. Aprili 2025 kanuni za msingi za vitabu vipya nazo zikatolewa kwa njia hiyo hiyo. Karatasi alizokuwa nazo mpwa wangu mkekani ni hizo za 2023. Na Mswahili yeyote akitaka kuzifasiri kwa lugha yetu na kuziuza, hahitaji ruhusa ya mtu, ila ataje zilikotoka.

Mtu anaweza kunipinga hapa, aseme kuwa mwisho wake waliokolewa na maneno mazuri ya leseni mpya, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nakubali nusu. Baina ya watu wasiojuana, wenye fedha kati yao, ukuta ni lazima na uandikwe vizuri. Lakini kabla ya ukuta huo kujengwa, kilichoirudisha kampuni nyuma ni watu kukataa kucheza na asiyeshika neno lake. Tena mkekani, baina ya marafiki watano, huwezi kujenga ukuta kwa kila ufa. Kitabu kitakuwa kizito kuliko mlima wa joka.

KITABU KIPYA CHASEMAJE

Novemba 2024 kilitoka kitabu kipya cha wasimulizi wa mchezo huu, na humo kampuni imeandika waziwazi yale ambayo zamani yaliachiwa kila kundi. Kwa muhtasari, kimesema kuwa kanuni si sheria za fizikia, na kikautaja mfano wa mstari wa watu wanaopitishiana mkuki kuwa haukubaliki. Kimesema kuwa kanuni si elimu ya uchumi, na anayetafuta utajiri usiokwisha kwa kuunganisha vifungu anazitumia vibaya. Kimesema kuwa kanuni za mapigano ni za kupigana na maadui, si za kuwapiga wanyonge wasioweza kitu ili mtu ajipatie faida. Na juu ya yote, kimesema kuwa kanuni zinategemea wasomaji wenye nia njema, wanaotaka kundi zima lifurahi.

Wapo walioshangilia, na wapo waliosema kuwa huu ni uvivu wa waandishi walioshindwa kuziba mianya yao. Mimi naona si jambo jipya hata kidogo. Gygax, alipomaliza kitabu chake cha wasimulizi mwaka 1979, aliwakumbusha wasomaji wake kuwa roho ya mchezo ni kubwa kuliko herufi ya kanuni. Kwa miaka 45 baada yake waliandika, wakarekebisha, wakapanga na kupangua, kisha wakarudi pale pale alipoishia mzee.

Lakini nina onyo moja. Neno la nia njema ni tamu mdomoni mwa msimulizi kuliko mdomoni mwa mchezaji. Msimulizi anayependa joka lake anaweza kukataa kila wazo zuri la wachezaji akasema kuwa hawana nia njema. Huyo naye ana vipimo viwili. Basi nia njema na imfunge yeye kwanza: kanuni anayoibadilisha aitangaze mapema, iwe moja kwa wote, na ikimwangukia joka wake, aikubali. Mchezaji naye akiuona mwanya, autaje kabla ya kuutumia, wenzake waamue. Sidhani kuna mwandishi wa vitabu anayeweza kuwafanyia kazi hiyo.

Vijana wale walifanyaje? Kesho yake alasiri mpwa wangu alikwenda kwao yule mkimya. Sikumtuma mimi. Usiku wakarudi wote watano. Wakulima 2,000 walikodiwa vile vile, dhahabu 400 zikatoka, mstari ukapangwa kutoka mtoni mpaka kijijini. Lakini mikononi mwao hamkuwa na mkuki. Walipitishiana ndoo za maji, kwa mwendo wa mikono ya watu, kuzima moto ambao joka aliutema juu ya nyumba zao. Na mlangoni mwa kijiji, ili ndoo zipate muda wa kufika, alisimama askari.

Dadu ya pande ishirini ilitupwa mara nyingi usiku ule, na mara mbili nilidhani askari amekwisha. Saa sita ilipopiga dada yangu akaja kuwafukuza wakalale. Joka alikuwa hajafa bado, na askari alikuwa bado amesimama.